Pesa ya kitengo imepatikana: ninunue Perkins au kompyuta?

Mwalimu wa Majengo, Moshi

Habari zenu walimu na wazazi. Shikamooni mlionitangulia.

Nafundisha Kiingereza katika sekondari moja hapa Moshi. Elimu maalumu sikuisomea. Mwalimu wetu wa kitengo cha wasioona alihamishwa mwezi wa pili na mpaka leo hajaletwa mwingine. Mkuu wa shule akaniita ofisini akasema, "Wewe una subira, shika kitengo." Nimekishika. Wanafunzi ni watano. Watatu hawaoni kabisa, wawili wana uoni hafifu, na mmoja wa hao wawili ana ualbino.

Sasa waliowahi kusoma shuleni kwetu wamechangishana wakatuletea pesa ya vifaa. Nimepiga hesabu mara tatu. Inatosha mashine mbili mpya za Perkins za kuandikia nukta nundu, yaani breli, maandishi ya kusomwa kwa vidole, au kompyuta mpakato sita zilizotumika pamoja na hedifoni zake. Kamati inataka kompyuta. Wanasema breli ni mambo ya zamani, siku hizi kompyuta inaongea yenyewe. Sikuwa na la kujibu, maana mimi mwenyewe ile alfabeti nimeijua mwezi wa nne, tena kwa macho, si kwa vidole.

Mjue pia kwamba stoo kuna Perkins mbili ambazo haziandiki, zimewekwa kabla mimi sijafika. Wawili kati ya wasioona walitoka shule za msingi zenye kitengo na breli wanaisoma vizuri. Wa tatu alipoteza macho akiwa darasa la sita, na huyo ndiye ananinyima usingizi. Kichwa chake ni chepesi kuliko wengi darasani, lakini breli hataki hata kuigusa. Anasema yeye atasikiliza, inatosha.

Kikao cha kamati ni Ijumaa ya wiki ijayo. Naomba mnisaidie.

---

Fundi Kompyuta, Njiro

Hongera kwa moyo huo, mwalimu. Mimi ningechukua kompyuta zote sita. Programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA ni ya bure. Aliyeianzisha mwaka 2006 ni Michael Curran wa Australia, ambaye haoni, kwa sababu zilizokuwepo zilikuwa zinauzwa bei ambayo mtu wa kawaida haiwezi. Unaweza kuiweka hata kwenye flashi, ukichomeka kwenye kompyuta ya Windows na kuifungua inaanza kuongea. Kitabu kimoja cha kiada kikichapwa kwa breli kinageuka majuzuu kadhaa mazito, wakati flashi moja inabeba maktaba nzima.

Mkinunua, nitakuja kuziandaa mwenyewe bila malipo. Nipeni nauli tu.

---

Mama Nundu, Tengeru

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Pole na mzigo, na hongera kwa kuukubali.

Mimi sioni tangu nina miaka minne. Ilikuwa surua. Nimefundisha watoto wasioona miaka 26, sasa nimestaafu, niko hapa Tengeru na migomba yangu. Nakueleza kwanza jinsi ninavyoandika maneno haya, kwa sababu ndilo jibu la kamati yako.

Nimeishika simu imelala, kioo kinatazama mbele, mgongo wake uko upande wangu. Vidole vitatu vya kila mkono viko juu ya kioo. Kushoto, kidole cha shahada ni nukta ya 1, cha kati ya 2, cha pete ya 3. Kulia ni 4, 5 na 6 kwa mpangilio huohuo. Nikigusa 1 na 2 kwa pamoja, simu inaandika b. Nikigusa 1, 3 na 4, inaandika m. Kibodi hiyo imo ndani ya TalkBack, ile sauti ya simu za Android, tangu mwaka 2020, na hailipiwi. Mjukuu wangu anaona vizuri, lakini kwa kuandika ujumbe namwacha mbali. Vidole hivi sikuvifundishia kwenye simu. Vilifundishwa kwenye Perkins, mashine iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951, yenye vitufe sita na kimoja cha nafasi. Mtu anayesema breli ni ya zamani hajui kwamba simu aliyonayo mfukoni inasubiri vidole vinavyoijua.

Sasa tuje kwenye kusikiliza. Kompyuta inapoongea, anayesoma ni kompyuta. Mtoto anasomewa. Katika Kiswahili hasara yake inajificha, kwa sababu tunaandika tunavyotamka, mtoto anaweza kusomewa miaka saba na bado akaandika barua inayoeleweka. Utamkamata tu kwenye "ng'ombe" na "ngoma", au atakapounganisha "kwasababu" kama neno moja, kwa kuwa sikio halioni pengo. Akifika kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza, na hapo ndipo anapozama. Wewe ni mwalimu wa Kiingereza, jaribu kumsomea mtu maneno haya bila kumwonyesha: knife, enough, Wednesday, science. Atajuaje kwamba kuna k pale mwanzo?

Niliwahi kupokea binti wa kidato cha pili aliyesomeshwa kwa kusomewa tu, miaka mingi, katika shule ambayo sitaitaja. Alikuwa anajibu maswali ya mdomo kuliko wenzake wote. Nikampa Perkins aniandikie insha fupi kuhusu likizo yake. Nikapitisha vidole: "inaf", "naif", "bikoz". Nikamwandikia maneno sahihi juu ya karatasi nyingine nikamwekea mikono yake hapo. Alipofika kwenye enough alirudia mara tatu, kushoto kwenda kulia. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, mbona hakuna aliyeniambia?" Swali lile ninalo mpaka leo. Yule mtoto hakuwa na kosa lolote. Alikuwa ameshinda mtihani wa kusikia kila siku, na watu wakadhani anajua kusoma.

Halafu kuna mtihani wa taifa. Karatasi ya mwanafunzi asiyeona inakuja kwa nukta nundu. Anaongezewa muda, dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine, lakini muda huo haumsaidii asiyejua kupapasa mstari.

Simkatai kijana wa Njiro. Anachosema kuhusu NVDA ni kweli tupu, na mimi ninaitumia. Mwalike aje, mpe na nauli. Ninachokataa ni neno "au" kwenye swali lako.

Kabla hujanunua chochote, toa zile mbili za stoo. Perkins ni mashine ya chuma, haifi hovyo. Mara nyingi imejaa vumbi, na vumbi la kwetu huku unalijua, au mtu ameimwagia mafuta mengi yakaganda na vumbi hilohilo. Mahali fulani nilipofundisha, mtunza stoo alizipaka mashine nne mafuta ya kula ili zisipate kutu. Alikuwa na nia njema. Baada ya muhula mmoja hakuna kitufe kilichorudi juu. Tafuta fundi cherehani mzee, mwenye mkono mwepesi. Afungue kifuniko, asafishe kwa brashi laini, na kama ataweka mafuta yawe ya cherehani, tone kwa ncha ya sindano, si kumimina. Asilegeze skrubu ambayo hajui kazi yake.

Zikipona zote mbili, nunua moja mpya. Pesa inayobaki gawa hivi: kompyuta mbili au tatu, na sleti (fremu ndogo ya kuandikia breli kwa mkono) na kalamu zake za kutobolea, moja kwa kila mtoto asiyeona na moja yako. Sleti ni bei ndogo, inaingia kwenye begi, haitaki umeme. Perkins ina karibu kilo tano, hakuna mtoto atakayeibeba kwenda nayo nyumbani Rombo likizo. Kwenye sleti unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu nundu zinatokea upande wa pili wa karatasi. Wanaoona huwa linawachanganya zaidi kuliko sisi.

Karatasi zikiisha usisimame. Manila inafaa. Kalenda kubwa za ukutani za mwaka uliopita zinafaa zaidi, nundu zake hazilali upesi. Kila Januari nilikuwa napita maduka ya Arusha mjini kuziomba, na sijawahi kunyimwa.

Na wewe funga macho ujifunze kwa vidole. Mwalimu anayesoma breli kwa macho hajui mtoto anakwama wapi.

---

Mwalimu wa Majengo, Moshi

Mama, Mungu akubariki. Nimechapisha jibu lako ili niende nalo kwenye kikao.

Leo nimezitoa zile mashine stoo. Moja vitufe havishuki kabisa. Nyingine inashuka lakini karatasi inachomoka ikifika mstari wa pili, huenda tatizo ni mimi ninavyoiweka.

Kuhusu yule kijana. Nilimwekea karatasi yenye alfabeti nzima mbele yake, akaisukuma. Akasema, "Hizi ni chunusi, mwalimu, siyo maandishi." Ana miaka 15. Zamani alikuwa na mwandiko mzuri, mama yake alinionyesha daftari lake la darasa la tano. Nifanyeje?

---

Mama Nundu, Tengeru

Nianze na karatasi, ni jambo dogo. Sukuma kichwa cha mashine mpaka mwisho wa kushoto. Zungusha vile virungu vya pembeni kwenda mbele, mbali na wewe, mpaka vigome. Vuta zile klipu mbili za juu kuja kwako, ingiza karatasi ikae sawa na ukingo wa kushoto, rudisha klipu. Sasa zungusha virungu kuja kwako mpaka vigome tena, halafu bonyeza kitufe cha mstari mara moja. Wengi wanasahau hatua ya mwisho, karatasi inakuwa haijashikwa. Ukifanya sawasawa utapata mistari 25, na kila mstari una vyumba 42, yaani nafasi za herufi 42.

Sasa kijana. Daftari lile la darasa la tano linaeleza mengi. Huyu hakatai kusoma. Anaomboleza mwandiko wake. Usimharakishe, lakini pia usimwache. Nimefundisha wengi waliopoteza macho wakubwa, na karibu wote walisema neno kama hilo la chunusi, kwa sababu ncha ya kidole chao haijazoea, kweli wanachosikia ni ukurutu tu. Alfabeti nzima kwa siku moja ni kumzamisha.

Kwanza acha karatasi kabisa. Kata trei la mayai, bakiza vishimo sita, viwili kwa vitatu. Mpe gololi. Nukta ya 1 juu kushoto, 2 chini yake, 3 chini kabisa. Kulia 4, 5, 6. Ajenge herufi kwa gololi, mikono miwili, mpaka ramani ile ikae kichwani mwake. Siku mbili zinatosha kwa kichwa unachokisema.

Kisha usimpe a, b, c, d kwa kufuatana. Herufi d, f, h na j zinamkoroga mwanafunzi yeyote, zote zina nukta tatu katika vile vishimo vinne vya juu, na e na i ni kama mtu na sura yake kwenye kioo. Anza na herufi za ukuta wa kushoto peke yake. Ni nne: a ni nukta ya 1, b ni 1 na 2, k ni 1 na 3, l ni 1, 2 na 3. Kidole kinahitaji kujua urefu tu na pengo, hakuna kulia. Na angalia Kiswahili kilivyo na huruma, kwa herufi hizo nne tayari una baba, kaka, lala, kaa, balaa na kabla. Siku ya kwanza kwenye karatasi, mtoto anasoma maneno kamili ya lugha yake. Mimi huandika kila neno peke yake kwenye mstari, nikiacha mstari mmoja mtupu katikati, na nyuma ya kila neno naacha nafasi kubwa ili kidole kijue kimefika.

Mwangalie mikono. Kidole kinapita kwa wepesi, kushoto kwenda kulia, kama anayefuta vumbi juu ya meza asitake kuliamsha. Ukiona anakandamiza, au anasugua herufi moja juu na chini, mwambie ainue mkono aanze mstari upya. Atumie mikono yote miwili, wa kulia umalize mstari wakati wa kushoto umeshatangulia kutafuta mstari unaofuata. Na mwezi huu wa saba, kwa baridi hii ya mlimani, usimsomeshe breli saa 1 asubuhi. Vidole vimekufa ganzi. Mwache kwanza ashike kikombe cha uji mpaka kiishe. Nilikuwa nawapa watoto uji kabla ya kipindi kwa sababu hiyo, si njaa peke yake.

Ila hayo yote hayafanyi kazi kama hana anachokitaka upande wa pili. Mtafutie. Bwenini kila ndoo inafanana na ndoo nyingine, kila tranka ni tranka. Omba filamu za zamani za eksirei, kata vipande, andika kwa sleti neno moja moja, umfungie kwenye vitu vyake. Maji hayaziharibu. Na wale wenzake wawili wanaojua breli, naamini wanaandikiana vikaratasi ambavyo hakuna mwalimu wala mwanafunzi mwingine anayeweza kuvisoma. Vipo kila shule niliyofundisha. Waambie wamwandikie na yeye, kwa herufi zile nne kwanza. Kijana wa miaka 15 hawezi kuvumilia siri anayoishika mkononi asiijue.

Ukipata nafasi mwambie pia kwamba Louis Braille aliumia jicho akiwa na miaka 3 kwenye karakana ya baba yake fundi wa ngozi, huko Coupvray, Ufaransa, na kwamba mwaka 1824 alipokamilisha nukta sita alikuwa na miaka 15. Umri wake yeye.

Kompyuta asinyimwe. Anza naye siku hiyohiyo, iwe pumziko lake. Skrini izimwe kabisa, ili wewe na yeye muwe sawa. Vidole vya shahada vikae juu ya F na J, atakuta kila moja ina kinundu chake. Mfundishe Ctrl inanyamazisha sauti, Insert na T inataja dirisha alilomo, Insert na mshale wa chini inasoma mfululizo, Insert na 2 inawasha au kuzima kutaja kila herufi anayoandika. Hiyo ya mwisho iwe imewashwa muhula mzima wa kwanza. Na sauti ya Kiswahili iliyomo ibadilishwe akiingia somo la Kiingereza, la sivyo atasikia Kiingereza kinasomwa kama Kiswahili, na tahajia itamvuruga upya.

---

Kofia Pana, Sakina

Naomba niongeze kuhusu wale wawili wenye uoni hafifu, naona hawajaguswa. Mimi nina ualbino, nimesoma hapa Arusha mpaka chuo.

Mwalimu, wapeleke kwanza hospitali ya KCMC, idara ya macho, wapimwe kile wanachokiona, si kile wasichokiona. Mimi nilivaa miwani ya kwanza kidato cha tatu. Miaka yote ya nyuma nilikuwa nakaa dawati la mbele na bado ubao ulikuwa ukungu, na walimu waliniona mvivu wa kunakili.

Wakae dirisha likiwa mgongoni au ubavuni, wasiwekwe wakitazama mwanga. Kuandika kwao kuwe kwa kalamu nyeusi nene, mistari iliyokolezwa. Ukiandaa jaribio lako mwenyewe, kuza herufi zianzie ukubwa wa 18, karatasi zisiwe za kung'aa. Kama shule itaruhusu simu darasani chini ya usimamizi, wapige picha ubao waikuze kwa vidole. Kilichoniokoa mimi ni rafiki aliyekuwa anataja kwa sauti anachonakili, na mwalimu mmoja wa Jiografia aliyekuwa anasoma kila neno analoandika ubaoni. Haikumgharimu chochote.

Na breli wasilazimishwe kwa sababu tu wako kwenye kitengo. Mimi nililazimishwa, nikawa naisoma kwa macho chini ya dawati hadi kichwa kinauma. Ila kama daktari atasema macho ya mmoja wao yanaendelea kupungua, hapo aanze sasa, angali anaona.

---

Fundi Kompyuta, Njiro

Shikamoo mama. Nimejaribu ile kibodi ya nukta kwenye simu yangu jana usiku, nimeandika jina la mke wangu kwa dakika nne. Sikujua kabisa kama ipo. Nitakuja Moshi, na nitaweka TalkBack kwenye simu zao pia kama mwalimu ataniruhusu.

Swali moja. Kile kifaa cha Orbit Reader chenye vyumba 20 vya nukta zinazoinuka na kushuka, kinachosoma mafaili kutoka kwenye kadi, hakiwezi kuwa jibu la yote mawili?

---

Mama Nundu, Tengeru

Marahaba, mwanangu. Nimewahi kukishika, ni kizuri sana, na kwa mwanafunzi wa chuo ningekiombea msaada hata leo. Kwa kitengo cha watoto watatu, ukinunua kimoja wawili wanakaa bila. Tena mstari mmoja wa vyumba 20 hauonyeshi jedwali wala umbo la hesabu lilivyopangwa juu na chini. Anayejifunza anahitaji ukurasa mzima chini ya viganja.

---

Mwalimu wa Majengo, Moshi

Nimekawia kurudi, wiki saba sasa. Nisameheni, naeleza yote.

Kikao kilichukua saa mbili. Nilisoma jibu la mama neno kwa neno, kisha nikaomba kila mjumbe aandike enough kwa kusikia tu, kama asiyewahi kuliona. Tukanunua Perkins moja mpya, kompyuta tatu, sleti nne. Kijana wa Njiro alikuja Jumamosi mbili mfululizo na nauli yenyewe akairudisha. Wale wenye uoni hafifu wamepimwa, mmoja amepata miwani, mwingine lenzi ya kushika mkononi. Dirisha limekuwa mgongoni.

Mashine za stoo nilizipeleka kwa mzee mmoja anayeshona barazani karibu na soko la Mbuyuni. Ile iliyogoma kabisa alipoifungua alikuta nyigu wamejenga kiota cha udongo ndani, kinene kama kidole gumba. Alikitoa kwa kijiti cha mshikaki, polepole, akakataa nisimsaidie. Sasa inaandika. Ya pili aliisafisha tu, tukaamini imepona, nikampa yule kijana awe nayo bwenini.

Ndiyo, anasoma. Vikaratasi vilifanya kazi mama, kama ulivyosema. Cha kwanza kilikuwa na maneno mawili, "kaka lala". Aliona kimemhusu yeye, kwa kuwa alikuwa amesinzia kipindi cha Uraia. Wiki ya tatu alikuja mwenyewe kuniomba herufi nyingine.

Jumatatu wiki hii alinifuata ofisini na karatasi. Alikuwa ameandika "pembe" akasoma "pamba". Alidhani ni kidole chake. Akaandika tena, ikaja "pamba" tena. Akasema akakaa nayo usiku, akaandika "pembe tatu", na alipopapasa akakuta "pamba sasu". Pamba ni neno, akasema, ningeweza kukosea. Sasu siyo neno. Akanishika mkono akaweka kidole changu juu ya ile s iliyopaswa kuwa t, kisha kwenye a iliyopaswa kuwa e.

"Mwalimu," akasema, "siyo mimi. Nukta ya tano haigongi."

Nilifunga macho nikasoma mstari wote kwa kidole. Ni kweli. Mzee wa Mbuyuni na mimi tulikuwa tumeijaribu kwa macho tukaona nundu zinatoka, tukaridhika.

Mama, yule mzee anasema hawezi kuifungua zaidi ya hapo bila kuogopa. Kuna mtu huko Tengeru, labda karibu na Patandi kwenye walimu wa elimu maalumu, anayezijua ndani?

---

Mama Nundu, Tengeru

Yupo. Ileteni Jumamosi, ni siku ya soko, magari ya Moshi yanashusha hapohapo. Njoo naye huyo kijana, na ile karatasi asiitupe. Nataka nimsikie akieleza mwenyewe, na niisome hiyo "pamba sasu" kwa vidole vyangu.